Siku moja maishani mwangu: mistari miwili niliyofuta jana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kwetu Langoni, Lamu, huhitaji alamu. Adhana ya huku na ya kule zinakutana juu ya paa, alafu punda wa jirani naye anachangia. Nikaswali, nikashuka, mama ashatia karai motoni anakaanga mahamri ya kuuza, mbaazi ziko pembeni zinatokota. Nikamsaidia kusukuma unga kidogo, kidogo kweli, maana akili yangu ilikuwa kwenye laptopu. Jana usiku kabla ya kulala nilifuta mistari miwili kwenye main.cpp, faili kuu ya programu yangu, mistari ambayo haikuwa na kazi tena, nikaona nasafisha nyumba tu, nikaanzisha bildi, ile kazi ya kugeuza maandishi yangu kuwa programu, nikaenda zangu kulala bila kungoja. Kosa la kwanza hilo.

Saa moja na robo

Nimepanda darini na chai, mahamri mawili, bando la siku. Darini ndiko mtandao unashika, chini kuta za matumbawe nene kama ngome, huoni hata alama moja.

Niwaambie kwanza kazi yenyewe. Naandika programu kwa C++, na hii ya sasa ni ya bwana mmoja mwenye chumba cha baridi cha samaki hapa ufuoni. Ndani kuna sensa za joto, nje kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayosoma hizo sensa, inaweka kumbukumbu kwenye SQLite, hifadhidata ndogo, na kumtumia ujumbe joto likipanda, maana samaki wakiharibika usiku mmoja ni hasara ya wavuvi wengi. Kodi, yaani maandishi ya programu, si kubwa. Nimeigawa laibrari mbili ndogo zangu mwenyewe, yaani mafurushi mawili ya kodi, moja inaitwa vipimo, inasoma sensa, nyingine tuma, inapanga foleni ya ujumbe na kuutuma. Juu yao ipo main.

Nafungua terminali nakuta mistari myekundu, wa muhimu ni huu: undefined reference to `tuma::weka_foleni`, yaani weka_foleni imetajwa lakini haikupatikana.

Lo. Mi nimefuta, sijaongeza kitu! Vipi kufuta kulete upungufu?

Saa mbili

Watu wengi wakiona maneno hayo wanakimbilia kuangalia kodi, wanahesabu mabano, wanatafuta nukta. Mabano hayana hatia. Kompaila, inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, inachukua kila faili ya .cpp peke yake, inaitengenezea faili ya .o, na haina habari ya jirani, ukiiambia kuna fanksheni, kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina, iitwayo weka_foleni mahali fulani yenyewe inakubali ahadi yako, inaandika deni, inapita. Linka, anayeunganisha vipande vyote kuwa programu moja, ndiye anayekuja mwisho kudai madeni yote. Kwa hivyo undefined reference maana yake kodi yako imekubalika zamani, kuna deni tu ambalo hajapatikana wa kulilipa. Nilikaa miezi sijui hili, nikawa naandika upya vitu vizima visivyo na kasoro, wallahi naona haya nikikumbuka.

Basi sikugusa kodi. Nikapiga nm -C, amri inayoorodhesha majina yaliyomo, kwenye libvipimo.a, faili ya laibrari ya vipimo, nikaona weka_foleni ina herufi U mbele yake, yaani huyu anaitaka. Nikapiga kwenye libtuma.a, herufi T, yaani huyu anayo. Anayetaka yupo, mwenye nacho yupo, wote wako kwenye mstari mmoja wa kulinki na bado hawajuani!

Saa tatu kasoro

Jibu limepita chini mtaani. Sikutanii. Mchuuzi wa samaki akaingia kichochoroni na baiskeli yake, samakiii, mama akamwita kutoka dakani akachukua changu wawili, mchuuzi akaenda zake. Dakika tano baadaye jirani wa nyumba ya pili anachungulia, kapita? Kapita zamani, bibi, harudi huyo mpaka kesho.

Linka anapita hivyohivyo. Anasoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja. Akifika kwenye laibrari ya .a anauliza, mpaka hapa nani anadai kitu kilichomo humu? Kama kuna deni anatoa kile kipande cha .o kinachohitajika anakitia kwenye programu, kama hakuna deni analifunga boksi lote anaenda, na harudi nyuma. Mstari wangu ulikuwa main, kisha tuma, kisha vipimo. Zamani main yenyewe ilikuwa inaita weka_foleni, kwa ile mistari miwili, kwa hivyo linka akifika kwa tuma anakuta deni, anachukua kipande, na vipimo ikija baadaye inakikuta kipo mezani. Jana nikafuta. Sasa anafika kwa tuma hakuna anayemdai, anapita, alafu vipimo inachungulia dirishani, kapita?

Yaani bildi yangu ilikuwa imekosewa tangu siku ya kwanza, ikasimama miezi minne kwa bahati ya mistari miwili.

Saa tatu na nusu

Kutengeneza ni rahisi kuliko kuelewa. Ungeweza kubadilisha mpangilio tu, vipimo itangulie tuma, ikakubali. Mi sipendi, kwa sababu kesho nikiongeza laibrari ya tatu narudi kulekule kupanga foleni kwa mkono. Naona bora kila mmoja aseme mwenyewe anamtegemea nani. Bildi yangu inapangwa na chombo kiitwacho CMake, na kwenye CMakeLists.txt, faili lake la maelekezo, ya vipimo nikaongeza:

target_link_libraries(vipimo PRIVATE tuma)

Na kwa main nikabakisha vipimo peke yake, maana yenyewe haiiti tuma tena. Mpangilio CMake inajipangia kwa kufuata nani kasema anamhitaji nani. Nikafuta folda nzima ya build nikaanza upya. Hapa hapakuwa na lazima, najua, lakini nshaumwa na CMakeCache.txt, kumbukumbu ya CMake, unabadilisha mahali pa laibrari kumbe yeye kashika njia aliyoipata mwezi uliopita haachi, unagombana naye asubuhi nzima. Siku hizi nafuta kwanza.

Ikapita. Asilimia mia. Nikashuka nikamwambia mama imekubali, akasema alhamdulillah, haya nenda kachukue nazi.

Saa nne mpaka saa saba

Nazi. Umeme ukakatika, ukarudi. Kikao cha simu na watu wa Nairobi kuhusu kazi nyingine, sina la kuwaambia hapo. Wali wa nazi na changu wa yule mchuuzi. Swala.

Saa nane

Nikavaa baibui, laptopu begani, nikashuka kwenda chumba cha baridi. Njia ya ufuoni ilikuwa imejaa, punda wamebeba mawe ya korali kwa ajili ya ujenzi na mwenye punda anapiga kelele sameheni, sameheni, unajibana ukutani na begi lako unaomba Mungu.

Anayekaa pale ni mzee mmoja, namwita ami kwa kuwa alikuwa rafiki wa baba. "Yeo umekuja na dawa ama umekuja kutizama?" Nikamwambia nimekuja na dawa, ami. Nikaingiza programu kwenye kompyuta ndogo, nikaiita, ikanijibu:

version `GLIBC_2.34' not found

Ami akaangalia uso wangu akaenda kuchukua birika.

Saa nane na nusu

Kile kilichonipata asubuhi kilikuwa cha wakati wa kujenga, hiki ni cha wakati wa kukimbia, na ni ndugu yake. Laibrari ya .a inaingia ndani ya programu yako kabisa, ukihama unahama nayo. Ile ya .so, ya kushirikiana na programu nyingine, haiingii, programu inaandika jina lake tu na toleo inalolitaka, alafu ikianza kukimbia inaitafuta kwenye mashine iliyopo. Laptopu yangu ina Debian 12, aina ya Linux, na glibc yake, laibrari ya msingi ambayo karibu kila programu inaitegemea, ni 2.36. Kompyuta ya ami ina Debian 11, glibc 2.31. Nilikuwa najenga darini kwangu kwa kompaila ya kuvuka, inayotoa programu za ARM, aina ya prosesa ya kompyuta ndogo, na ikajenga kwa glibc mpya kama ilivyoizoea. Kwa kawaida programu ya glibc ya zamani inakimbia kwenye mpya, ya mpya kwenye ya zamani ndiyo hiyo bahati nasibu, na tangu 2.34 ilipotoka 2021 hata ile fanksheni inayoanzisha main ilipata toleo jipya, kwa hivyo programu tupu isiyofanya kitu nayo inakataa. Zamani sikuwa na shida hii kwa kuwa laptopu nayo ilikuwa Debian 11. Mwezi uliopita nikajifanya mtu wa kisasa nikaipandisha.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kubeba glibc yote ndani kwa -static. Hapana. Programu yangu inatuma ujumbe, inatafuta anwani za mtandao, na sehemu hiyo ya glibc bado inataka kupakia laibrari zake za nje wakati wa kukimbia, linka mwenyewe anakuonya. Na kuipandisha mashine ya ami mpaka Debian 12 huku samaki wamo ndani, mimi simo.

Suluhisho la heshima ni kontena ya Debian 11, kama chumba kilichotengwa ndani ya laptopu, nijengee mle. Nikaangalia bando. Bando likaniangalia.

Saa tisa na nusu

Basi nikaamua kujenga palepale kwenye kompyuta ndogo, kwani si ndiyo yenye glibc ninayoitaka? Kompaila nikaiweka kwa apt, kisakinishi cha Debian, pamoja na libsqlite3-dev na ya curl, laibrari za SQLite na za kutuma mtandaoni, bando likalia lakini likatosha. CMake ya pale ni 3.18 na faili yangu inadai 3.20, nilinakili tu mahali bila kufikiri, nikashusha mpaka 3.16, hakuna kilicholalamika.

Nikapiga make -j4, yaani kazi nne kwa pamoja, kwa pupa. Dakika chache kompyuta ikaganda, alafu: Killed signal terminated program cc1plus. Rami ni giga moja, kompaila nne za C++ kwa pamoja zimegombania ikaisha, kerneli, moyo wa mfumo, ikaua mmoja wao. Nikarudi na -j1. Taratibu.

"Ndoo unwe kahawa," ami akaniita, "hicho kitu hakipiki haraka ukikikodolea mato." Nikaenda. Kahawa tungu, kashata, na habari za kusi iliyochafua bahari tangu juzi, boti zimerudi nusu tupu. Kila nikigeuka kuangalia skrini ami anacheka.

Saa kumi na moja na dakika kumi

Imemaliza. Nikaiita, ikakimbia. Nikaangalia kwa ldd, amri inayoonyesha laibrari za .so, kila laibrari imepatikana, hakuna not found hata moja. Skrini ikaandika hasi kumi na saba. Nikamwomba ami afungue mlango kidogo tuone kama kweli inasoma, akafungua, moshi wa baridi ukatoka, namba ikaanza kupanda, hasi kumi na sita, hasi kumi na tano na nusu, na ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwenye chumba maana papo hapo akampigia ami kwa hofu kuuliza samaki wana nini.

Ami akamtuliza, akafunga mlango, akaniambia angalia basi saa hizi imefika ngapi.

Hasi kumi na sita, nikasema.

"Naam," akasema, anajipangusa mkono kwenye kikoi, "mimi nimeshatia mkono."