Siku moja maishani mwangu: Ravenna asubuhi, Ferrara jioni

Saa 11:30 alfajiri. Bologna, kaskazini mwa Italia, bado kiza. Novemba kwenye bonde la mto Po ina ukungu mzito, taa ya barabarani unaiona ukishaifikia. Nimesali, nimepika chai ya tangawizi, nimeimimina kwenye chupa. Hapa nasomea uhifadhi wa majengo ya kale, na kazi tuliyopewa wiki hii ni hii: chagua miji miwili, tazama maji yanaingiaje kwenye kuta, rudi na michoro. Nimechagua Ravenna na Ferrara kwa sababu ya reli tu. Miji hiyo miwili na Bologna inafanya pembetatu, kwa hiyo mtu anazunguka akarudi kwake bila kupita njia moja mara mbili.

Saa 12:45. Stesheni. Nje, ukutani, kuna saa iliyosimama kwenye 4:25 asubuhi. Tarehe 2 Agosti 1980 bomu liliua watu 85 hapa, na saa hii imeachwa hivyo kusudi. Wasafiri wanapita chini yake mbio, kila mtu na treni yake, na mimi vilevile.

Napanda regionale, treni ya mikoani inayosimama vituo vingi. Kiti hakina namba, ukikuta pako wazi unakaa. Nauli yake mwanafunzi anaimudu. Ila tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Wageni wengi hutozwa faini hapo, wakiwa na tiketi yao halali mkononi.

Saa 1 na nusu. Tumeipita Imola. Ukungu unaanza kukatika na mashamba yanaonekana. Miti ya cachi imepukutisha majani yote, yamebaki matunda ya rangi ya chungwa kwenye matawi makavu. Nimesinzia kidogo.

Saa 2:40. Ravenna. Makanisa mengi ya mosaiki, zile picha za vipande vidogo vya kioo na mawe, hayajafunguliwa, kwa hiyo naanzia kaburi la Theodoric, mfalme wa Wagothi wa Mashariki aliyefariki mwaka 526. Paa lake ni jiwe moja. Narudia: moja, halikuungwa. Upana wake unakaribia mita 10, uzito unapita tani 200, nalo lilitolewa Istria, ng'ambo ya bahari ya Adriatic. Lina ufa upande mmoja. Nimelizunguka mara kadhaa nikichora, mlinzi akaanza kunitazama.

Saa 4:00. Kanisa la San Vitale. Hapa ndipo siku yangu ilipo hasa.

Ravenna ilifanywa makao ya Dola ya Rumi ya Magharibi mwaka 402 kwa sababu ya vinamasi vilivyoizunguka. Adui wa nchi kavu angekwama topeni, na upande wa bahari kulikuwa na bandari ya Classe. Bandari hiyo imejaa mchanga zamani, bahari imerudi nyuma kilomita kadhaa, lakini maji ya chini ya ardhi hayakwenda popote. Na ardhi yenyewe inazidi kudidimia.

Kanisa lilizinduliwa mwaka 547. Mwenye fedha mmoja aitwaye Julianus alilitolea sarafu za dhahabu 26,000. Kuba lake limejengwa kwa vibomba vya udongo vilivyochomekana, ili liwe jepesi, na hilo kwangu linapita dhahabu yote ya ukutani. Kila anayeingia anainua uso kumtazama Justinian, kaizari wa Bizanti (Rumi ya Mashariki), upande huu na mkewe Theodora upande ule. Mimi nimeinama, natazama sakafu, kwa sababu sakafu ya mwanzo iko chini zaidi ya hii tunayoikanyaga. Maji yalipopanda, watu nao walipandisha sakafu.

Hatua chache nje kuna jengo liitwalo kaburi la Galla Placidia, binti wa kaizari, la karne ya 5. Hawakuachi ndani zaidi ya dakika chache. Wageni wanasema anga lake la buluu lenye nyota za dhahabu liko karibu, kama unaweza kuligusa. Ni kweli, na sababu ni hiyohiyo: sakafu imeinuliwa zaidi ya mita moja, sehemu ya chini ya kuta imezikwa. Uzuri ule wa kujihisi ndani ya anga, nusu yake ni kazi ya maji.

Saa 5:20. Kanisa la San Francesco. Chini ya altari kuna chumba chenye sakafu ya mosaiki, na chumba chote kimejaa maji. Unatia sarafu kwenye kisanduku, taa inawaka, unaona samaki wa dhahabu wanaogelea juu ya maandishi ya Kilatini. Watoto wanacheka. Mimi nimewatazama samaki kwa furaha dakika moja, halafu nimeanza kupima kwa macho alama za chumvi ukutani. Mshairi Dante aliaga dunia mji huu mwaka 1321, na maziko yake yalifanyika kanisa hili. Kaburi lake liko ubavuni. Florence, iliyomfukuza, huleta mafuta ya taa ya kaburi lake kila mwaka. Iliwahi kuidai mifupa, watawa wakaificha ukutani, ikaonekana tena mwaka 1865.

Saa 6:30 mchana. Njaa. Piadina ni binamu wa chapati, ila kwa desturi unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo nauliza kwanza. Muuzaji, mama wa makamo, amezoea swali hilo. Anayo ya mafuta ya zeituni. Ananijazia jibini laini na majani ya rucola. Nimesali adhuhuri na alasiri pamoja pembeni mwa bustani, ruhusa ya msafiri.

Njiani kwenda stesheni nimeingia Sant'Apollinare Nuovo, kanisa la Theodoric. Baada ya Wabizanti kuuteka mji mwaka 540, watu wa baraza lake walifutwa kwenye picha ya kasri, wakawekewa mapazia. Lakini mikono iliyokuwa imeshika nguzo ilibaki. Iko pale mpaka leo, mkono bila mwenyewe. Fundi aliona tabu kubomoa nguzo, nadhani.

Saa 8:15. Treni ya Ferrara. Nchi hii imelala tambarare. Mifereji imenyooka, mito imejengewa kingo na inapita juu kuliko mashamba. Bila pampu, sehemu kubwa ya ninachokiona dirishani ingerudi kuwa kinamasi.

Saa 9:40. Ferrara. Baiskeli kila upande, vikongwe wanaendesha kwa raha zao kwenye mawe. Ngome ya ukoo wa Este ilianzwa mwaka 1385 baada ya wananchi kuasi. Yaani ilijengwa kumkinga mtawala na watu wake mwenyewe. Handaki lake bado lina maji, na matofali ya chini yamelowa. Tetemeko la Mei 2012 nalo liliitikisa. Nimechora pembe moja mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikawahi jumba la Palazzo dei Diamanti kabla ya jua kuzama: mawe kama 8,500, kila moja limechongwa kwa ncha mbele. Ndani sikuingia. Bajeti.

Saa 12:40 jioni. Treni ya kurudi imejaa wanafunzi na mabegi. Nimemtumia ami picha. Yeye ni mwashi, amefanya kazi kwenye nyumba za Mji Mkongwe tangu ujana, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka Desemba 2020, hakuna picha ya ukuta asiyoihoji.

Saa 2 usiku. Nimetia wali jikoni, ami amepiga.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Huo ukuta wa matofali, chini wameupiga saruji?"

"Kipande, ami. Zamani."

"Ndiyo maana unalia. Chokaa inapumua, saruji inaziba. Na kule kwenye samaki?"

Nikamweleza maji ya chini ya ardhi, sakafu zilizopandishwa, pampu.

"Pampu zinakwenda usiku na mchana?"

"Inabidi, ami."

"Umeme wake nani analipa?"

Sikuwa na jibu. Nimeliandika swali lake juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya michoro, na Jumatatu nitamfikishia mwalimu kama lilivyo.