Zaburi nilizoondoka nazo Masasi

Tangu nirudi Masasi, swali ninaloulizwa zaidi baada ya ibada si la mshahara wala la baridi ya Uingereza. Ni hili: "Huko ulishikaje imani?" Wanaouliza wengi ni akina mama wenye watoto mbali, na nyuso zao zinaonyesha kwamba hawaulizi kwa udadisi. Nimewajibu kwa haraka pale nje ya kanisa, watu wakiagana. Jibu la haraka halitoshi, kwa hiyo naliandika.

Nilishikwa na Maandiko. Hasa yale niliyoondoka nayo yakiwa kichwani, niliyofundishwa nikiwa mtoto katika nyumba ya Mama Mkubwa.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee, Leicester, zamu za usiku. Unamgeuza asiyeweza kujigeuza, unabadilisha mashuka, unakaa kitandani mwa mtu anayekata roho na watoto wake wako mji mwingine. Ikifika saa tisa usiku, mwili unadai usingizi na mawazo mabaya yanapata nafasi. Biblia ipo kwenye begi, begi limefungiwa kabatini, simu hairuhusiwi. Saa ile una kile tu kilichomo moyoni. Mimi nilikuwa na Zaburi ya 121: "Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli." Nimeisema nikisukuma toroli la mashuka kwenye korido, nimeisema nikiosha mikono. Hakuna aliyenisikia, na sikuhitaji wa kunisikia.

Baba alipofariki nilikuwa hukohuko. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, sikuweza kuja kumzika. Wiki ile sikuweza kusali kwa maneno yangu mwenyewe. Kila nikianza, nakwama. Nikasali kwa maneno ya Zaburi ya 130: "Ee BWANA, toka vilindini nimekulilia." Na ule mstari wa sita, ambao nilikuwa nimeusema tangu utotoni bila kuufikiria sana: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Aliyefanya zamu ya usiku anaelewa kwa nini mwandishi ameusema mara mbili.

Nyumbani kwa Mama Mkubwa hapakuwa na ujanja wowote wa kukariri. Baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa, naye alikua katika mpango wa zamani wa Kianglikana unaozigawa Zaburi zote 150 katika siku thelathini, asubuhi na jioni. Zinaisha, zinaanza upya. Ya 121 iko siku ya ishirini na saba asubuhi, ya 130 siku hiyohiyo jioni. Mtoto anayesikia hivyo mwaka hadi mwaka hahitaji kukaririshwa kwa fimbo. Zinakaa ndani kama muhogo unavyokaa ardhini, na siku ya njaa unajua pa kuchimba.

Nimemkuta Mama Mkubwa macho yake yameingia ukungu, hasomi tena. Baada ya ugali wa muhogo na mbaazi, mjukuu wake wa darasa la tano anasogeza taa na kusoma kwa niaba ya nyumba nzima. Jioni moja alikuwa kwenye hiyohiyo 121, anakimbia kidogo maana usingizi unamvuta, akasoma jua halitakupiga mchana, kisha akaruka kwenda mstari unaofuata.

"Rudi," akasema Mama Mkubwa. "Mwezi umeuacha."

Mtoto akarudi: "Wala mwezi wakati wa usiku." Halafu akauliza, "Bibi, kwani mwezi unapiga?"

"Waulize wanaolala mashambani kulinda nguruwe pori. Usiku nao una vitisho vyake. Soma, mjukuu wangu."

Nilikaa pale mkekani nikasikia kwamba huyu mama, ambaye hajatoka mkoa huu zaidi ya kwenda Dar kutibiwa, alikuwa anaieleza kazi yangu ya Leicester.

Watu wa hapa tuna sababu ya pekee ya kuyathamini Maandiko kwa Kiswahili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawafikisha hapa Masasi, wakajenga chini ya majabali haya. Steere huyohuyo ndiye aliyekuwa akitafsiri Maandiko. Mwaka 1882, mwaka aliofariki, Wamagwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakaivamia misheni. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na nyumba zikateketezwa. Watu waliowahi kuuzwa mara moja, wakakombolewa, wakaona tena wenzao wakifungwa kamba. Na Biblia nzima ya Kiswahili haikuwepo bado. Ilipatikana mwaka 1891. Walikuwa na vipande vyake, Zaburi na baadhi ya Injili. Nikiwaza ibada yao ya kwanza baada ya moto ule, nazifikiria zaburi za kulia, ambazo siku hizi tunazipita upesi.

Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo kwa uwazi, kwa sababu nalipenda kanisa langu. Nimerudi nimekuta Maandiko yako kila mahali: kwenye vioo vya bajaji, kwenye kanga, kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia alfajiri. Nafurahi. Lakini mengi ni vipande vilevile vichache, vya ushindi na baraka. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" nimeiona juu ya duka, juu ya saluni, juu ya pikipiki. Ni neno la kweli. Ila Paulo aliliandika akiwa kifungoni, na mstari unaolitangulia anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anazungumzia nguvu ya kuvumilia njaa bila kumwacha Kristo. Ukimpa mtu nusu ya juu peke yake, siku korosho zikikosa bei ataona Mungu amemdanganya. Nimekaa na jirani mmoja aliye katika hali hiyo hasa. Tulisoma sura nzima ya nne ya Wafilipi, yenye neno hilo, taratibu, tukarudia. Hakupata pesa siku ile. Jumapili iliyofuata alikuja ibadani, baada ya kukaa miezi bila kuja.

Shetani naye alimnukulia Bwana Yesu Maandiko kule jangwani, Zaburi ya 91, malaika watakuchukua mikononi. Alikata kipande akakitumia kusukuma mtu ajirushe. Yesu alimjibu mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kitabu ambacho Wakristo wengi hatukisomi mpaka tukifikie kwa bahati. Alikuwa na njaa ya siku arobaini na hakuwa na gombo mkononi. Msalabani vilevile, "Mungu wangu, mbona umeniacha" ni mwanzo wa Zaburi ya 22, na "mikononi mwako naiweka roho yangu" ni ya 31. Kama Mwana wa Mungu katika maumivu makubwa kuliko yote aliomba kwa zaburi alizozijua tangu utoto Nazareti, mimi nitajitegemea kwa maneno gani?

Majirani zetu Waislamu hapa mtaani hawashangai jambo hili. Mtoto mdogo kabisa anatoka madrasa akiwa amehifadhi sura za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, na wazazi wanamsikiliza kwa furaha. Sisi tuliyazoea haya katika nyumba za babu zetu, kisha tukaona kukariri ni mambo ya shule ya zamani. Ningependa sana turudi huko, na si kwa mashindano ya mistari na zawadi ya daftari. Kwa kusoma mfululizo nyumbani, zamu kwa zamu, sura inayochosha na sura inayofariji, hata Zaburi ya 88 ambayo inaisha gizani. Paulo anawaambia Warumi kwamba yote yaliandikwa "ili kwa saburi na faraja ya maandiko tupate kuwa na tumaini." Saburi imetajwa kwanza.

Wiki hii alikuja kijana wa nyumba ya tatu kuaga. Amepata kazi ya ulinzi Dar es Salaam, zamu za usiku, anaondoka mwezi ujao. Mimi nilianza kumshauri mambo ya kodi ya chumba na nauli. Mama Mkubwa akamwambia asiondoke kabla ya kumsomea, bila kitabu, Zaburi tano: ya 23, ya 27, ya 91 yote, ya 121 na ya 130. Anakuja jioni akitoka shambani, anasimama mlangoni, shikamoo bibi, marahaba, haya anza. Jana alikuwa kwenye ya 91 na amekwama mstari wa nane. Leo anarudi.