Siku yangu kwenye chumba cha kupima usikivu, Mbeya

Saa 11 alfajiri niko macho. Baridi ya Uyole mwezi wa saba inauma. Chai, koti, daladala. Saa 2 mashine imewashwa.

Asubuhi ni ya vichanga: kizibo kidogo sikioni, dakika chache, mama anaondoka. Wengi wanafaulu. Lakini huwa nawaambia warudi, maana kirusi cha saitomegalo kinaweza kumpata mtoto tumboni, akazaliwa mzima na anasikia, kisha usikivu ukashuka miaka ya mbele.

Saa 4 akaingia bibi kutoka Tukuyu na mkwewe mjamzito, wamembeba mjukuu wa mwaka na miezi minane.

"Nesi mwanangu, huyu anasikia. Ni mvivu wa kutembea tu." Akabamiza mlango, mtoto akageuka. "Umeona?"

Nikamweleza kwamba mtoto amehisi mtikisiko. Bibi akapiga makofi, mbele ya macho ya mtoto. Nikaeleza tena.

Kipimo chake kinataka alale fofofo. Akanyonya, nikazima taa, akasinzia. Kila nilipogusa paji la uso kubandika waya, akaamka akilia. Tukaanza upya. Nje foleni inanung'unika, mgongo unaniuma, chakula cha mchana sijakiona. Katika kumbembeleza, mama akanisimulia: alichelewa kukaza shingo, alichelewa kukaa, akisimama anayumba, na mtaani wanasema amerogwa.

Jamani, sikio la ndani ndilo pia linalotunza mizani ya mwili. Maambukizi ambayo mtoto ameyapata tumboni mwa mama yakiharibu usikivu, mizani nayo inaweza kuguswa. Mtoto huyu anapambana kusimama, halafu anaitwa mvivu!

Alipolala hatimaye, sikio la kulia halikujibu kabisa. La kushoto lilijibu sauti kubwa tu. Chanzo sikuweza kukitaja. Ili kujua kama ni kile kirusi cha saitomegalo, mate au mkojo vilitakiwa kupimwa ndani ya wiki 3 za kwanza tangu azaliwe. Baada ya hapo vipimo hivyo haviwezi kuonyesha kama kirusi kilimpata tumboni au baadaye. Nikamwandikia rufaa ya kifaa cha kusikia, mazoezi ya viungo na kupimwa macho.

Kwa mimba hii nilimsisitizia mama: kirusi hicho hukaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo. Nawa kwa sabuni ukifuta udenda au ukibadilisha nepi, usimalizie uji wake, usitumie kijiko chake.

"Uji nitamlisha mimi," bibi akasema, akauliza tarehe ya kurudi. Nikamwandikia kwenye kadi, nikaita anayefuata.