Papa wa Ukerewe

Meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, iliondoka Mwanza jua limeshaanza kuchoma, tukaliacha Jiwe la Bismarck na mnandi wake wakianika mabawa. Nilipata nafasi sitaha ya juu, kati ya magodoro na kreti za soda, jirani na mzee mwenye daftari lililokunjamana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapenda mashairi?"

Hakungoja jibu. Akasoma: "Nti yetu ya baraka, maji yamejaa papa."

Nikamwuliza hao papa kawaona wapi, maana kazaliwa Ukerewe na ziwa hili halina papa. Na hiyo "nti" je? Nyumbani anaongea Kikerewe!

Akacheka. "Mashairi nimejifunzia redioni. Wenyewe wa Mombasa wanasema nti, mato, ndia. Nikiweka nchi, shairi linapwaya."

Simcheki. Watungaji wengi wa bara tuko hivyo. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kimekuwa kanzu yetu ya kutokea, hata kama nyumbani hatukivai.

Nikamsimulia Robert Burns, Mskoti aliyechapisha diwani kwa lahaja ya kwao mwaka 1786. Mashairi yake yakavuka bahari hadi Jamaika, akayasoma Claude McKay, kijana aliyewahi kuwa polisi. Mwaka 1912 McKay akatoa diwani mbili kwa Kiingereza cha Wajamaika wa kawaida, kile ambacho waungwana wa huko walikibeza.

"Aliweka maneno ya Kiskoti?"

"Hapana. Ya kwao."

Mzee akanyamaza, akitazama mtumbwi wa wavuvi ukipishana nasi. "Akaendelea hivyo mpaka kufa?"

Hapo nikababaika. McKay alihamia Marekani mwaka huohuo, na soneti, yale mashairi ya mistari kumi na minne, zilizompa jina ni za Kiingereza sanifu. Ikabidi nimkimbilie Louise Bennett, Mjamaika mwingine, ambaye lugha ya wauza soko hakuitupa hata alipokuwa maarufu.

"Mwanamke," mzee akasema, kana kwamba hilo lilitosha kueleza.

Nansio ilipoanza kuonekana alitoa kalamu, akamkata papa. "Kamongo," akanong'ona. "Samaki wa kwetu. Ila ni silabi tatu; mstari unazidi mizani nane." Akafuta tena, akakunja vidole kimoja kimoja: "Ma-ji-ya-ja-a-ka-mo-ngo." Nane.

"Nti" hakuigusa.