Siku Babu alipokwenda kuzitazama hela zake

Habari aliisikia redioni, Oktoba 1997: NBC, ile benki ya taifa ya biashara, imegawanywa. Moja imebaki na jina la zamani, nyingine inaitwa NMB, ya watu wa kipato cha chini. Alfajiri akanigongea dirisha.

"Vaa viatu, mjukuu wangu. Twende Lushoto tukaulize mimi wamenitia fungu gani."

Nilikuwa kidato cha pili, najiona msomi. Njiani nikaanza kumweleza sheria ya 1991 iliyoruhusu benki binafsi, soko huria, na mengine niliyoyakariri kwenye somo la uraia. Akanikatiza. Mwaka 1967 alikuwa kibarua wa mkonge Tanga, akiba yake iko Barclays. Azimio la Arusha likatangazwa, mara akaambiwa benki sasa ni ya taifa. "Walizikusanya, leo wanazigawa. Mimi nimo humohumo." Sikuwa na la kuongeza. Isitoshe basi lilikwama kwenye tope, tukashuka kusukuma.

Kitabu chake cha akiba alikiviringisha ndani ya mfuko wa chumvi, pembe zimetafunwa na mende. Dada wa dirishani akakifungua kwa ncha za vidole, akavuta leja, kidole kikashuka mstari kwa mstari. Babu alikuwa amekishika kile kizingiti cha mbao kwa mikono miwili.

"Zipo zote, babu. Shilingi 61,450. Zimehamia huku NMB."

"Na kule kwingine?"

"Kule huna kitu."

Hilo lilimuudhi. Nadhani alitaraji kuwa na chake pande zote mbili.

Wakati huo Dar es Salaam benki za kigeni zilikuwa zinafunguliwa. Standard Chartered ilikuwa imerudi tangu 1993. Kwetu mageuzi yote yale yalifika kama kibao kipya na muhuri mpya. Sisemi kwa kulalamika: benki gani binafsi ingepanda milima ile kufuata vijisenti vya mzee wa mkonge?

Akaomba zile tarakimu ziandikwe kwa kalamu, zigongwe muhuri. Akapuliza wino ukauka, akarudisha kitabu kwenye mfuko wake wa chumvi.

Tulifika nyumbani usiku, tope hadi magotini. Bibi akainua kibatari.

"Umetoa ngapi?"

"Sikutoa. Nimezikuta."

"Yaani mmekula nauli ya watu wawili kwenda kusalimia hela?"