Usifungue injini ya trekta kabla hujaukata mlio

Watu wengi wa Dar wenye mashamba Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo bado wanalimia Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda 3. Trekta likianza kugonga, fundi wa kwanza kuitwa anakimbilia kufungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Mkatalie. Kwanza atafute kitu ambacho kikisimama, mlio nao unakata. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na hakuna hata nati moja kubwa iliyofunguliwa.

Trekta lisimame, gia ziwe huru, breki ya mkono ivutwe, injini ipate moto na iungurume silensa, yaani mwendo wa chini bila kuongeza mafuta. Kanyaga klachi taratibu. Nyingi kati ya hizi zina klachi ya hatua mbili: pedali ikifika katikati gia boksi linasimama, ila pampu ya haidroliki inaendelea kuzunguka, ukiizamisha hadi chini, pampu nayo inasimama. Mlio ukikata katikati, shuku beringi za gia boksi. Ukikata pedali ikiwa chini kabisa, shuku pampu au laini ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana. Ukianza pale pedali inapoanza kukaza, hiyo ni rilisi beringi, ile inayosukumwa na pedali kuachia klachi. Usipobadilika popote, tatizo liko kwenye injini.

Kwenye injini sikiliza mapigo kabla ya kusikiliza ukubwa wa sauti. Tapeti, zinazosukuma valvu, zinapiga "tik tik" nyepesi, mara moja kila krenki (shafti kuu ya injini) ikizunguka mara mbili, na zinasikika juu kwenye kava. Dawa yake ni fila geji, bati jembamba la kupimia nafasi ya valvu: milimita 0.30 injini ikiwa baridi, au 0.25 ikiwa ya moto. Zungusha krenki hadi valvu mbili za silinda husika zipishane, moja ikifunga na nyingine ikifungua, kisha ongeza mzunguko mmoja kamili ndipo upime. "Chaf chaf" inayopungua injini ikipata moto mara nyingi ni gasketi ya manifoldi ya ekzosti inayovuja.

Mlio mzito wa kugonga ndio wa kuogopa, na hapa pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu nozeli mbovu (inayopuliza dizeli ndani ya silinda) na koni beringi iliyokwisha (inayoshika koni rodi ya pistoni kwenye krenki) zinagonga kwa kufanana sana. Injini ikiwa silensa, legeza nati ya bomba la dizeli pale linapoingia kwenye nozeli, silinda moja kwa wakati mmoja. Legeza kidogo tu, hadi dizeli ianze kutoka pembeni ya nati. Vaa miwani, weka mikono mbali: dizeli ya presha inapenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni tundu dogo. Silinda ambayo ukiilegeza mlio unapungua au kukata, ndiyo yenye kesi.

Sasa zima injini, hamisha nozeli ya silinda hiyo kwenda nyingine, ukitumia washa mpya za shaba. Mlio ukihama na nozeli, ipeleke kwa fundi wa pampu na nozeli akaipime kwenye mashine. Ukibaki palepale, elekea kwenye koni beringi, na usiendelee kuliendesha trekta hata kulifikisha barabarani.

Kabla ya kununua beringi, chomoa dipstiki. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, daiframu ya pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini huenda imepasuka na inamwagia sampo. Oili iliyolainika hivyo haibebi krenki. Ukiweka beringi mpya ukaiacha daiframu ile, zitakufa kama za mwanzo. Krenki nayo ipimwe kwa maikromita. Ikichongwa, beringi zinapanda saizi: 010, 020, 030, kwa elfu za inchi. Saizi imepigwa mgongoni mwa beringi, kwa hiyo nenda Kariakoo na ya zamani pamoja na kipimo cha krenki ukalinganishe, usikubali "hii hii inaingia".

Mingurumo ya nyuma inayofuata mwendo wa magurudumu, hata klachi ikiwa imekanyagwa trekta likiserereka, ni ya difu (gia za ekseli ya nyuma) au beringi za ekseli. Linyanyue trekta nyuma kwa jeki, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono na uhisi mkwaruzo.

Pampu ya haidroliki inayolia ukinyanyua jembe, angalia oili ya gia boksi kwanza. Kwenye trekta hili ni hiyo hiyo inayotumiwa na haidroliki. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na masika njia yake ya kawaida ni buti la mpira lililochanika kwenye mkono wa gia. Mwaga oili yote, safisha chujio la pampu, jaza mpya, na ubadili buti siku hiyo hiyo.