Fitina haihitaji uongo mwingi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, William Joyce aliwatangazia Waingereza kwa lugha yao kutoka Ujerumani. Walimbandika jina la Lord Haw-Haw, wakajua fika kuwa ni mtu wa adui, na bado walimfungulia redio. Nimekuwa nikijiuliza walikuwa wanatafuta nini kwake.

Nadhani propaganda ile ilikuwa na mtaji wa kweli. Septemba 1940 Marekani iliipa Uingereza manowari 50 kuukuu, nayo Marekani ikapewa haki ya kuweka vituo vya kijeshi kwenye makoloni ya Uingereza kwa miaka 99. Februari 1942 ukaja mkataba wa misaada, na kifungu cha 7 kikaibana Uingereza ikubali kujadili kuuondoa ule upendeleo wa ushuru uliowekwa Ottawa mwaka 1932, uliozipa nafuu nchi za himaya zinapouziana bidhaa. Wamarekani walilitaka soko hilo. Mjerumani alibakiwa na kazi ndogo tu ya kumnong'oneza Mwingereza kwamba rafiki yake anamrithi angali hai.

Hilo linaniuma kwa sababu nimeliona hapa Dar. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, nilikuwa kwa mjomba wangu anayeuza nafaka Tandale. Magunia yamerundikana hadi mlangoni, madalali wanapeana simu wasikilize ujumbe wa sauti. Mtu asiyejitambulisha anasema Wakenya hawajatutakia mema tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike mwaka 1977. Hasara ilikuwepo, na kuvunjika kwa Jumuiya si hadithi. Ila hakugusia kwamba mahindi ya Uganda nayo yalizuiwa, wala kwamba sumukuvu iliua watu wetu wenyewe Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Mjomba alimrudishia dalali simu yake. "Mwanangu," akaniambia, "huyu anayepiga kelele hana hata debe moja sokoni."

Joyce alinyongwa Januari 1946. Mwezi mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imesaini mkopo wa Marekani wa dola bilioni 3.75, na deni hilo lilimalizika Desemba 2006. Manung'uniko aliyoyachezea yalikuwa na msingi, basi. Ndiyo maana natamani viongozi wetu wangetueleza mapema, kwa sauti zao na majina yao, wanagombania nini na jirani huko mezani.